Aliyejitoa kwa Jina Langu

Mimi ni mtu wa kushuku, nasema mapema ili mtu asije akanilaumu mbele ya safari. Nikisifiwa natafuta sababu. Mtu akinisalimia kwa furaha kupita kiasi, nashika mkoba. Karakanani wananiita Jicho, na walionibandika jina hilo hawakukusudia kunisifu. Kazi yenyewe imenizidishia. Natengeneza miguu bandia hospitalini, na fundi wa miguu akianza kuamini maneno ya watu atawaumiza. Mgonjwa atakwambia mguu mpya haumbani, yuko sawa kabisa, anataka tu kwenda nyumbani. Wewe unamwambia atembee kutoka mlangoni mpaka dirishani, unaitazama nyonga yake, na nyonga inakwambia kwamba mwenyewe anadanganya.

Kwa hiyo barua pepe ile ilipoingia, sikulia. Nilitafuta mwizi.

Ilitoka chuoni. Walisema wamepokea barua yangu ya kujitoa kwenye masomo, wamesikitika lakini wameelewa, na wananitakia kila la heri mimi na mama yangu. Nilisoma mara mbili nimesimama, maji ya kunawia yanachuruzika kwenye viwiko. Mimi sikuwa nimejitoa popote. Nafasi ile niliiomba mara ya kwanza nikaambiwa bado mchanga kazini, nikaomba tena nikaambiwa hakuna bajeti, na safari hii ndiyo nilikuwa nimeipata. Ilikuwa nafasi moja tu kwa hospitali yetu nzima, miaka miwili ya kujifunza kutengeneza mikono inayoshika.

Nieleze kidogo kuhusu mikono. Miguu tunaiweza, tena vizuri. Lakini anayekuja bila mkono tunampa mkono wa picha, kitu cha plastiki chenye vidole na kucha, kizuri cha kuvaa siku ya kupiga picha, kisichoweza kushika hata kijiko. Nimewavalisha watu mikono hiyo nikiwatazama usoni wanavyojilazimisha kushukuru. Nilikuwa nimechoka kushukuriwa kwa uongo. Chuo kile ndicho kingenitoa hapo, na sasa kulikuwa na mtu amekifunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikaingia kwenye barua zilizotumwa. Ilikuwepo, imetoka kwenye akaunti yangu, na jina langu chini yake.

“Ndugu Mkuu wa Chuo,” ilisema, “nasikitika kukujulisha kwamba sitaweza kuja. Mama yangu anaumwa. Hawezi tena kugeuka kitandani bila kushikwa, na akishikwa vibaya analia. Anayemuuguza ni mmoja na amechoka. Naomba nafasi hii apewe mwingine.”

Hapo ndipo damu iliponipanda. Kunidhulumu mimi ni jambo moja. Lakini kumlaza mama yangu kitandani kwa maneno, mama ambaye Jumapili tu nilikuwa naye sebuleni, amekaa kwenye kiti chake dirishani, kajifunga kitambaa cha kichwa cha zambarau na ananitania kwamba nimenenepa! Niliona ni kama mtu kamtakia mabaya. Nikaapa kwamba huyo mtu nitamjua na dunia nzima itamjua.

Tatizo ni kwamba waliokuwa na neno langu la siri walikuwa wengi kuliko waliokuwa hawana.

Usicheke. Karakana yetu ina mazoea yake na yana sababu. Plasta haisubiri mtu. Ukishaichanganya na maji na kuivingirisha kwenye kisiki cha mgonjwa, pale mguu ulipokatwa, una dakika chache kabla haijawa jiwe, na katika dakika hizo simu inaweza kuita, barua inaweza kuingia, na wewe mikono yako ni myeupe kama ya mzimu. Ndipo tulipojizoesha kwamba yeyote mwenye mikono safi ndiye karani wa wote. “Nani msafi?” mtu anapiga kelele. “Mimi!” anaitika mwingine. “Hebu nifungulie, uone kama wale wanaotuuzia magoti wamejibu.” Na neno la siri linapita hewani juu ya mlio wa mashine ya kusugulia, huku mgonjwa kakaa kwenye benchi anasikiliza. La kwangu nadhani hata wagonjwa wa mwaka juzi wanalijua. Nyani haoni kundule. Mimi niliyeshuku kila mtu nilikuwa nimeacha mlango wazi, ufunguo juu ya meza.

Nilikwenda kwanza kwa mtu wa kompyuta wa hospitali, kijana mpole anayeongea kama anayeomba radhi. Alifungua akaunti, akaikagua, akavuta pumzi.

“Dada, hapa hakuna aliyevunja,” alisema. “Wadukuzi wakiingia utaona wamejaribu jaribu, wametokea nchi za mbali huko. Huyu kaingia bila kukosea hata mara moja, kwa paswedi yako, sahihi kabisa. Kwa simu. Aina hii hapa.”

Akanionyesha. Ilikuwa aina ya simu rahisi ambayo nusu ya mji inayo, na mmojawapo ni Tupa.

Tupa ndiye fundi mwenzangu, jina kalipata kwa sababu analainisha visiki vya plasta kwa tupa kuliko sisi sote na ulimi wake nao unakwaruza. Na Tupa ndiye aliyekuwa wa pili kwenye orodha ya chuo. Mimi nikianguka, yeye anapanda. Unahitaji nini zaidi? Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, na safari hii kimevaa aproni.

Mimi na yule kijana wa kompyuta tulibadilisha neno la siri. Kisha nikawaandikia chuo kwamba barua ile si yangu na kwamba nimeingiliwa. Walijibu siku ileile. Nafasi ilikuwa bado haijatolewa, walisema, na watanishikia mpaka Ijumaa. Ila nithibitishe kwa maandishi kwamba barua ni ya kughushi na maelezo yaliyomo ni ya uongo, na kwa kuwa jambo hilo ni kosa la jinai, hospitali ifungue kesi polisi ili aliyehusika ajulikane.

Nilifurahi. Sitaficha. Nilitaka nafasi yangu irudi na nilitaka mtu aumbuke, na chuo kilikuwa kinaniahidi vyote viwili.

Siku mbili nilimchunguza Tupa bila kusema neno. Akicheka, nilijiuliza anacheka nini. Akinyamaza, nilisema dhamiri inamsuta. Alinikaribisha chai nikakataa, nikahisi hata sukari yake ina jambo. Mara moja simu yake iliita akatoka nje kuipokea, mtu ambaye siku zote huongea mbele yetu mpaka mambo ya mkewe, na mimi nikasogea karibu na dirisha, nikijifanya naanika soksi za visiki. Nilimsikia akisema, “Bado, usimwambie mtu.” Hilo lilinitosha. Baadaye nilikuja kujua alikuwa anaongea na fundi seremala kuhusu kabati ya siku ya kuzaliwa ya mkewe, lakini wakati ule hata ningeambiwa hivyo ningeuliza kabati gani.

Jumatano nilimlipukia. Tulikuwa watatu karakanani, mimi, yeye, na Mama Ngozi, mama wa makamo anayeshona mikanda ya miguu.

“Tupa,” nilisema, “nafasi ukiitaka si ungeniomba?”

Akainua macho kutoka kwenye kalibu. “Nafasi ipi?”

“Usinitolee macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Umeingia kwenye akaunti yangu, umejifanya mimi, umenitoa chuoni. Hilo ningekusamehe. Lakini mama yangu amekukosea nini mpaka umlaze kitandani?”

“We Jicho we,” Mama Ngozi akaingilia, sindano mdomoni. “Angalia unachosema. Maneno hayo hayarudi.”

“Simu iliyotumika ni kama yake! Wa pili kwenye orodha ni yeye! Mnataka aje malaika aseme?”

Nilitegemea apige kelele. Tupa ni mtu wa kelele. Badala yake aliweka tupa chini taratibu, akaenda kunawa, akajifuta vidole kimoja kimoja, akaja kunyoosha mkono. Nikadhani anataka kunipiga.

“Nipe hiyo barua niisome,” alisema.

Nikampa. Alisoma polepole, midomo ikichezacheza. Kisha akanirudishia simu yangu, na ya kwake juu yake, imefunguliwa.

“Yangu hiyo. Ipekue mpaka uchoke. Lakini nikwambie kitu, Jicho. Mtu akitunga ugonjwa anasema presha. Anasema sukari. Anasema mama yuko hoi. Hii ya ‘akishikwa vibaya analia’ haitungwi. Mimi nilimuuguza baba, unakumbuka nilivyokuwa naingia kazini kama mlevi. Aliyeandika hii amemgeuza mtu kitandani, tena amemgeuza peke yake.”

“Mama yangu mzima. Jumapili nilikuwa naye.”

“Sawa,” alisema Tupa. “Mara ya mwisho umemwona akitembea ni lini?”

Nilifungua mdomo. Nakumbuka nilifungua mdomo kabisa, nikiwa na hakika kwamba jibu liko palepale. Mimi ninayejua mtu ana jeraha la kisigino kabla hajafika kwenye benchi. Nikatafuta Jumapili ile, mama yuko kwenye kiti. Nikatafuta ya kabla yake, kiti. Nikarudi nyuma mpaka kipindi cha mvua na kila nilipomkuta mama alikuwa kwenye kiti kilekile, amejifunika shuka magotini, dada yangu ndiye anayeinuka kuleta maji, dada ndiye anayenisindikiza mpaka getini. Na mimi nilikuwa nimemlalamikia dada mara moja kwamba mama siku hizi anadeka, hata mlangoni hanitoi.

Mama Ngozi alitoa sindano mdomoni. “Nenda, mwanangu,” alisema. “Mguu huo nitaumalizia mimi.”

Sikupiga simu. Nilijiambia ni kwa sababu nataka kuwafumania, kwa kuwa hata hapo bado nilikuwa namshuku mtu, ila sasa sijui nani. Mama anaishi na dada yangu mkubwa, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro. Nilipobisha, dada alichelewa kufungua. Alifungua akiwa na taulo begani na nywele hazijachanwa, akanitazama kama mgeni.

“Leo si Jumapili,” alisema.

Nilimpita. Kiti cha dirishani kilikuwa tupu, na kitambaa cha zambarau kimetundikwa kwenye mgongo wake kama nguo ya jukwaani. Mlango wa chumbani ulikuwa nusu wazi. Mama alikuwa amelala kwa ubavu, amekumbatia mto, na mwili wake chini ya shuka ulikuwa mdogo. Alikuwa usingizini. Sikuingia.

Tulikwenda jikoni. Dada alifunga mlango, akaegemea sinki.

“Ni saratani,” alisema. “Imeshaingia kwenye mifupa. Uti wa mgongo. Madaktari wamesema tumpe dawa za maumivu tu.”

“Tangu lini?”

“Tangu kabla hujapata hicho chuo chako.”

“Na Jumapili?”

“Jumapili tunaanza alfajiri. Nampa dawa mara mbili ya kawaida, namwogesha, namvika, namnyanyua mpaka kitini. Anakaa mpaka unaondoka. Ukishapita geti namrudisha kitandani, na hapo analia mpaka usiku.” Alisema bila kupaza sauti, kama anayenieleza kupika. “Mama kaniapisha. Kasema ukijua hutakwenda, na usipokwenda hatanisamehe mpaka kaburini. Nimeapa nisikwambie. Sijakwambia.”

“Ukawaambia chuo!”

“Chuo sikuapa.”

Nikauliza swali la kijinga kuliko yote. “Paswedi nani kakupa?”

“Wewe.” Hapo akacheka, kicheko kisicho na furaha. “Si ulinipigia, una plasta mpaka viwikoni, karakana nzima wachafu, ukasema dada nifungulie haraka unisomee kama wamejibu? Ndiyo mimi niliyekusomea kwamba umepata. Ulipiga kelele za furaha mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Mkono wa pili nilikuwa nimemshikia mama beseni.”

Siku ile naikumbuka. Dada alikata simu ghafla, nikadhani ni wivu. Nilimshuku hata kwa hilo, lakini barua ilipotumwa sikumweka kwenye hesabu kabisa, kwa sababu dada kwangu hakuwa mtu wa kuhesabiwa. Dada ni dada.

“Ungeniambia,” nilisema. “Viapo ni viapo, lakini ungeniambia. Ningechagua mwenyewe.”

“Ndicho nilichokiogopa, mdogo wangu.” Alinitazama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu nifike. “Kwamba ungechagua kwenda.”

Nilikasirika. Nilikasirika sana, kwa sababu nilimtazama usoni nikitafuta mahali alipokosea na sikupaona. Ningekwenda. Ningelia, ningemkumbatia mama, ningetuma dawa, ningepiga simu kila jioni, na ningekwenda. Ningesema ndivyo mama anavyotaka.

Tulikaa pale, yeye kwenye ndoo iliyopinduliwa na mimi kwenye kigoda. Simu yangu ilitoa mlio. Chuo walikuwa wananikumbusha kwamba bado hawajapata uthibitisho, na wakaomba, kama nimeshamjua aliyeghushi, niwape jina lake ili waliwasilishe pamoja na taarifa ya polisi.

Nikamsomea dada. Hakushtuka.

“Andika ni mimi,” alisema. “Jina langu unalijua. Waje wanichukue, nikalale huko polisi. Angalau nitalala.”

Nilicheka bila kutaka, naye akacheka, kisha akainamisha uso kwenye taulo na mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda sikujua kama bado anacheka. Viganja vyake vilikuwa vimepasukapasuka kwa sabuni. Mimi ninayeishi kwa kutazama viungo vya watu sikuwahi kuvitazama.

Nilianza kuandika. Nilifuta. Nilimfikiria mgonjwa mmoja wa kule karakanani, mwanamke muuza vitambaa, niliyemwahidi kwamba nikirudi kutoka chuoni mkono wake wa kwanza wa kushika mkasi utatoka kwangu. Nilifikiria nitamwambia nini. Nilimfikiria Tupa anavyojifuta vidole. Halafu nikaandika moja kwa moja bila kusimama, nisije nikapata akili nyingine:

“Ndugu Mkuu wa Chuo, barua ya kujitoa niliiandika mimi mwenyewe na yote yaliyomo ni kweli. Niliyoandika baadaye, kwamba nimeingiliwa, ndiyo ya uongo. Hakuna wa kushtakiwa. Naomba radhi kwa usumbufu. Anayenifuata kwenye orodha ni fundi mzuri kuliko ninavyopenda kukiri.”

Nikampa dada aisome kabla sijaituma. Aliisoma, akanirudishia, hakusema ahsante. Na mimi sikutaka aniambie ahsante. Sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Alinichukulia kitu changu kwa jina langu, na ukweli kwamba alikuwa na sababu haukirudishi. Lakini nilibonyeza.

“Nani huyo?” sauti ilitoka chumbani. “Mnanong’ona nini huko?”

Tuliingia pamoja. Mama aliponiona alianza kuhangaika, mkono unapapasa pembeni ya mto, na nikaelewa kwamba anatafuta kitambaa cha kichwa. Alitaka kukaa. Hata shingo haikuinuka.

“Lala, mama,” nilisema. “Nimeshaona.”

Akamtazama dada. “Umemwambia.”

“Hajaniambia,” nilisema. “Dada hajasema neno.”

Hakuniamini. Kushuku nimerithi kwake. Alinikazia macho kwa muda mrefu, kisha akauliza alichokuwa anakitaka.

“Na chuo? Unaondoka lini?”

“Wamesogeza mbele, mama.”

“Mpaka lini?”

Dada aliinama akajifanya ananyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka. Nilitafuta mwezi wa kumtajia. Kila mwezi ulionijia ulikuwa na maana ambayo mtoto hawezi kuitamka mbele ya mama yake, ukiwa wa karibu ni kumhesabia siku na ukiwa wa mbali ni uongo, na yeye alikuwa ananitazama usoni kama mimi ninavyotazama nyonga za watu.

“Hawajasema,” nilimjibu. “Wamesema tu nisubiri.”

Mama alifumba macho. Alivuta pumzi taratibu, akautafuta mkono wangu juu ya shuka, akaupigapiga kidogo kama anayembembeleza mtoto.

“Haya,” alisema. “Mimi sitakuchelewesha sana.”